Kutengeneza kigumba cha jiwe kwa mshale wa kuwindia

Anayejifunza kazi hii hukazana na nguvu za mkono, na ndipo mawe yanapomkatikia. Kigumba kizuri hutoka kwenye ukingo ulioandaliwa. Muda mwingi huenda kwenye kuurekebisha na kuusugua ukingo huo. Kubonyeza kwenyewe, yaani kubandua vibanzi kwa ncha ya shaba, ni kwa nukta chache.

Jiwe

Tafuta jiwe linalovunjika kama kioo: gumegume, au obsidiani, yaani kioo cheusi cha volkano. Lishike kwa vidole viwili, uligonge kwa kokoto. Jiwe zima hulia kama chungu kilichochomwa vizuri. Lenye ufa ndani hutoa mlio uliokufa, nalo liache. Graniti na mawe mengine ya punjepunje hupukutika tu. Kwa wiki za mwanzo tumia kitako cha chupa nene, maana kioo huonyesha kila kosa waziwazi.

Gumegume lililo sugu hulainishwa kwa moto. Lifukie kwenye mchanga mkavu, pandisha joto polepole hadi nyuzi 200 au 300 za sentigredi, lishikilie hapo saa kadhaa, kisha liache lipoe lenyewe. Ukilifukua lingali moto, litapasuka. Ujuzi huu ni wa kale mno: kwenye pango la Blombos, Afrika Kusini, watu walikuwa wakichoma mawe na kuyabandua kwa kubonyeza miaka 75,000 hivi iliyopita. Obsidiani haihitaji moto.

Vifaa na kinga

Chomeka waya wa shaba nyekundu, unene wa milimita 5 au 6, kwenye mpini wa mti. Uchomoze sentimita 2 tu, usije ukapinda. Andaa pia msumari wa shaba uliopondwa ncha ikawa bapa, kipande cha ngozi nene cha kufunika kiganja, na jiwe lenye mkwaruzo la kusugulia.

Vaa miwani ya kinga, glavu na suruali ndefu. Fanyia kazi nje, upepo ukivuma kutoka ubavuni, na uvae barakoa ya kuzuia vumbi laini. Vumbi la mawe haya lina silika; likijaa mapafuni huleta ugonjwa usiopona. Kwa hiyo usifagie vibanzi vikavu. Tandika turubai, mwagia maji, kisha kunja.

Kubonyeza

Anza na kibanzi bapa chenye urefu wa sentimita 5, upana wa 3 na unene wa milimita 6. Chora kwa kalamu mstari unaozunguka ukingo wote, katikati ya unene. Mstari huo ndio kipimo chako. Kibanzi kidogo hubanduka upande wa chini, ule unaolalia kiganja, hivyo mahali unapobonyeza lazima pawe chini ya mstari. Pakiwa juu yake, jiwe litavunjika badala ya kubanduka.

Ili kuushusha ukingo, kwangua kwa shaba kutoka chini kwenda juu hadi vipande vidogovidogo vya upande wa juu vidondoke. Kisha sugua kwa jiwe la mkwaruzo. Pitisha ukucha: ukikwama kama kwenye msasa, ukingo uko tayari, ukihisi wembe, bado. Ukingo mkali hupondeka kabla nguvu haijaingia ndani ya jiwe.

Sasa lilaze jiwe juu ya ngozi, lishikwe lote na kiganja, na mgongo wa mkono huo uegemee sehemu ya ndani ya paja. Weka ncha ya shaba ukingoni. Sukuma kwanza kuelekea katikati ya jiwe, uongeze nguvu kwa kubana mapaja, na shinikizo likishajaa ndipo uelekeze chini kidogo. Utasikia mlio mfupi. Geuza jiwe uangalie: kovu zuri ni refu, jembamba, na limefika katikati au kuvuka.

Kibanzi hufuata tuta lililoinuka juu ya jiwe. Kati ya makovu mawili hubaki tuta dogo. Bonyeza nyuma ya tuta hilo na kibanzi kinachofuata kitakwenda mbali. Maliza ukingo mmoja, geuza jiwe, uandae upya. Karibu na ncha, elekeza nguvu upande wa kitako, la sivyo ncha itaruka.

Kibanzi kikikatikia njiani kitaacha kidaraja. Chanzo huwa ni kubonyeza chini mapema mno, au ukingo dhaifu. Usirudie papo hapo, kwa sababu kila jaribio litaongeza kidaraja kingine mpaka pawe na kinundu kisichoondoka. Kiendee kutoka ukingo wa pili. Jiwe likikatika vipande viwili, chunguza ngozi na kiganja: kuna sehemu ya jiwe iliyokuwa ikining'inia bila kushikwa.

Shingo na vipimo

Lenga urefu wa sentimita 3.5 hadi 4 na unene wa milimita 4 au 5. Upana hutegemea sheria, na hii iangalie kabla ya kushika jiwe. Kuna nchi zinazokataza kuwinda kwa upinde kabisa. Zinazoruhusu mara nyingi hutaja upana wa kigumba na hata aina ya kitu kilichotumika. Majimbo kadhaa ya Marekani hutaka angalau inchi 7/8, karibu milimita 22.

Mapengo ya kufungia yawe milimita 5 juu ya kitako, na kina cha milimita 5. Tumia msumari bapa: bandua kipande kimoja, geuza, bandua kingine palepale. Usiuzungushe, maana sikio, yaani kona iliyo kando ya pengo, litakatika. Kisha sugua mapengo na kitako hadi vifubae, visikate kano ya kufungia.

Kufunga

Funga wano, yaani mti wa mshale, kwa uzi chini kidogo ya ncha, ndipo upasue mpasuko wa sentimita 1.5. Yeyusha utomvu mkavu mafungu manne, unga wa makaa fungu moja na nta kidogo, kwa moto mdogo. Utomvu uliochemka huvunjika kama biskuti. Paka mchanganyiko huo kwenye mpasuko, uchomeke kitako cha kigumba. Kano iliyopondwa ikawa nyuzi ilowekwe, izungushwe ingali mbichi kwenye mapengo na wano, iachwe siku nzima. Ikikauka hujikaza yenyewe. Paka utomvu juu yake, maana ikilowa italegea. Lainisha kila kinundu hapo, kwani ndicho kinachozuia mshale kuzama. Zungusha mshale kwenye ukucha: ncha ikiyumba, pasha moto na unyooshe.

Mshale wa mawindo usiujaribie kwenye shabaha. Jiwe likigonga kitu kigumu hukatika makali.

Mabaki yazike shimoni pamoja na sarafu ya siku hizi, ili wachimbaji wa mambo ya kale wasidanganyike. Na vigumba vya kale ukivikuta ardhini, viache vilipo.