Kumtumia mteja aiskrimu ikafika bado imeganda: hatua kwa hatua

Boksi halipozi kitu. Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza habari za kusafirisha aiskrimu, kwa sababu wengi hununua boksi la bei kubwa, wakatia bidhaa ambayo haijaganda sawasawa, kisha wakashangaa mteja anapopokea uji. Kazi ya boksi ni kama ya blanketi: kuchelewesha joto, basi. Ubaridi wote utakaotumika njiani ni ule ulioutia wewe kabla ya kufunga kifuniko, ndani ya bidhaa na ndani ya barafu. Ukiisha, umeisha.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye friza. Nyuzi zote nitakazozitaja ni za Selsiasi.

Hatua ya 1: Jua bidhaa yako inavumilia nini

Vitindamlo vilivyogandishwa haviko sawa. Keki ya jibini na keki nyingi za krimu hugandishwa ili zidumu. Zikifika zimelainika lakini bado zina ubaridi wa friji, nyuzi 4 kushuka chini, mteja atakula na kufurahi. Hizo usizihangaikie kupita kiasi.

Aiskrimu, jelato na sorbeti ni habari nyingine. Ndani yake kuna hewa, chembe ndogo sana za barafu, na sharubati ya sukari ambayo haijaganda. Hata kwenye nyuzi -18 sehemu ya maji yake bado ni majimaji, kwa kuwa sukari inashusha kiwango cha kugandia. Joto likipanda hadi -10 hivi, zile chembe ndogo zinayeyuka. Ubaridi ukirudi, maji yake yanajishika kwenye chembe kubwa zilizobaki, nazo zinazidi kunenepa. Hapo ndipo unapata aiskrimu yenye chengachenga ulimini. Kwa macho haijayeyuka, kopo limejaa vilevile, lakini mteja wako ameshajua kuna kitu. Ndiyo maana kuuliza tu kama ilifika bila kumwagika hakutoshi. Shabaha yangu ni isivuke -12 hata mara moja njiani.

Angalia na mapishi pia. Kwa uzito uleule, dekstrozi (sukari ya glukosi ya unga) inalainisha aiskrimu karibu mara 2 kuliko sukari ya kawaida, na pombe inazidi zote kwa mbali. Sorbeti yenye pombe nyingi mimi siisafirishi mbali, hata mteja akisihi. Kwa bidhaa za kusafiri punguza dekstrozi kidogo na usiache kiimarishi, kama gundi ya guar au ya mbegu za karobu. Hakizuii kuyeyuka, ila kinapunguza kasi ya chembe za barafu kukua.

Hatua ya 2: Gandisha mpaka kiini

Aiskrimu inatoka kwenye mashine ikiwa na nyuzi -5 au -6, laini, na maji mengi bado hayajaganda. Ipeleke haraka kwenye friza ya nyuzi -25 hadi -30, na uiache humo saa 24. Makopo yasipandane wala kubanana siku hiyo ya kwanza. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kopo na kopo ili hewa baridi ipite. Ukiyarundika, lile la katikati litalindwa na wenzake dhidi ya ubaridi.

Kisha pima. Toa kopo moja sadaka, toboa katikati kwa kipimajoto cha sindano, uisukume hadi kiini, na subiri namba itulie. Nataka kuona -22 au chini zaidi. Usigonge juu kwa kijiko ukaridhika kwa sababu panalia kama jiwe. Juu huganda kwanza, na kiini kinaweza kuwa bado -12. Ukipakia hivyo, barafu yako itaanza safari kwa kumalizia kazi ya friza badala ya kupambana na joto la nje.

Friza ya nyumbani iliyotegeshwa -18 inatosha kuhifadhi, lakini kwa kuandaa mzigo wa safari ni dhaifu. Kama hiyo ndiyo uliyo nayo, anza na wateja wa karibu. Na lile boksi, siku ya kutuma, lilaze usiku kucha mahali pa baridi, kifuniko kikiwa wazi. Boksi lililokaa stoo yenye joto lina joto lake ndani ya kuta.

Hatua ya 3: Chagua barafu inayofaa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Maji yaliyogandishwa huyeyuka kwenye nyuzi 0. Maana yake, yanapofanya kazi yake vizuri kabisa, yanashikilia boksi kwenye nyuzi 0, na kwenye nyuzi 0 aiskrimu ni maziwa matamu. Vile vifuko vya jeli vya kawaida, vya kubebea samaki na dawa, navyo ni hivyohivyo. Uvijaze hata 20, kiwango cha kuyeyukia hakibadiliki.

Zimebaki njia mbili.

Ya kwanza ni vifuko vya maji ya chumvi. Gramu 23 za chumvi ya mezani kwa gramu 77 za maji hupata mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi -21. Unaweza kutengeneza mwenyewe kwenye chupa bapa za plastiki ngumu, ukiacha nafasi juu kwa sababu maji yakiganda yanatanuka. Ila kuna mtego: friza ya -18 haitaugandisha mchanganyiko huo hata ukae mwezi mzima. Unahitaji friza inayofika -25 au chini. Na kwa kila kilo, vifuko hivi vinabeba ubaridi pungufu kuliko barafu ya maji, kwa takriban theluthi moja. Kwa safari ya saa chache, anayepeleka akiwa ni mtu wako mwenyewe, ni njia nzuri na ya amani.

Ya pili ni barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa. Ina nyuzi -78.5, haiachi maji kwa kuwa inageuka gesi moja kwa moja, na kilo moja inameza takriban kilojuli 571 za joto inapogeuka, wakati barafu ya maji humeza 334. Kwa safari ya kulala njiani, sijaona cha kushindana nayo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kilo

Watu hukisia. Hakuna haja, hesabu yenyewe ni ya darasani. Joto linaloingia, kwa wati, ni 0.035 (upitishaji wa joto wa stairofomu, lile povu jeupe jepesi) mara eneo la kuta kwa mita za mraba, mara tofauti ya joto kati ya nje na ndani, gawa kwa unene wa ukuta kwa mita.

Tuchukue boksi ambalo ndani ni sentimita 30 kila upande, kuta za sentimita 5. Eneo la ndani ni mita za mraba 0.54 na la nje 0.96, basi tutumie 0.72 lililo kati yake. Nje kuna nyuzi 30, ndani wastani -20, tofauti 50.

0.035 × 0.72 × 50 ÷ 0.05 = wati 25.2.

Kwa saa 24 hizo ni kilojuli 2,177. Gawa kwa 571, unapata kilo 3.8 za barafu kavu kwa siku. Safari ya siku 2 ni kilo 7.6.

Sasa punguza ukuta uwe sentimita 3, ndani palepale. Hesabu inaruka hadi kilo 5.7 kwa siku, yaani zaidi ya kilo 11 kwa siku 2. Sentimita 2 za povu zimekula karibu kilo 4 za barafu, na hizo kilo unazilipia mara mbili: kuzinunua na kuzisafirisha. Kabla ya kubishana na muuza barafu, badilisha boksi.

Juu ya jibu lako ongeza theluthi moja kwa ajili ya mianya ya kifuniko na ucheleweshaji. Barafu kavu inunue siku ileile ya kutuma, maana inapungua hata ikiwa imekaa tu, na friza yako haina ubaridi wa kuizuia.

Kuhusu maboksi yaliyoandikwa “saa 72”, mimi huuliza: zilipimwa nje kukiwa na nyuzi ngapi, boksi likiwa limejaa kiasi gani, na kwa barafu kilo ngapi? Asiyejibu, siamini namba yake.

Hatua ya 5: Pakia

Andaa kila kitu mezani kwanza, bidhaa itoke friza mwisho kabisa. Kufunga boksi moja kusizidi dakika chache.

Makopo yabanane katikati, yagusane, yawe bonge moja. Safari hii kubanana ndiko tunakokutaka. Kila kopo liwe na mfuniko wa kubana na karatasi ya kuziba chini yake, au angalau utepe kuzunguka mfuniko. Sababu ni mbili. Gesi ya barafu kavu ikiingia kwenye aiskrimu inaipa uchachu wa soda, na mteja atadhani imechacha. Na mzigo ukipanda ndege au kuvuka milima mirefu, mgandamizo wa hewa unashuka, hewa iliyo ndani ya aiskrimu inatanuka, mifuniko inanyanyuka. Makopo ya kioo acha kabisa, yanapasuka kwa baridi hiyo.

Funga barafu kavu kwa tabaka chache za karatasi ili isiishe haraka. Vipande vikubwa hudumu kuliko punje. Hewa baridi hushuka, kwa hiyo barafu nyingi ikae juu. Kwa safari ndefu weka theluthi chini na theluthi mbili juu, na kipande cha katoni kati ya barafu na bidhaa. Kisha jaza kila pengo kwa karatasi iliyokunjwakunjwa. Nafasi tupu ni uwanja wa hewa kuzunguka, na barafu ikipungua makopo yataanza kugongana.

Kifuniko cha stairofomu kikae barabara lakini usikizibe kwa utepe mzunguko mzima. Kilo moja ya barafu kavu inatoa takriban lita 500 za gesi, na ni lazima ipate pa kutokea. Ukiifungia kwenye chombo kisichopitisha hewa, chombo kitapasuka, na si kwa upole. Katoni ya nje ifunge kwenye maungio ya juu na chini tu. Ikiwa ya rangi nyeupe ni bora, haivuti jua kama ile nyeusi inayopendwa kwa urembo.

Hatua ya 6: Usalama na lebo

Barafu kavu haishikwi kwa mikono mitupu, inaunguza ngozi. Vaa glavu nene na miwani. Pakia mahali penye hewa, kwa sababu gesi yake ni nzito, hutuama chini na kufukuza hewa ya kupumua. Ukiibeba kwenye gari, vioo viwe wazi.

Muulize msafirishaji kabla, tena kwa maandishi, kama anapokea barafu kavu, maana wengine hawapokei. Kwenye ndege huhesabiwa kuwa mzigo hatari wa daraja la 9, namba yake UN 1845, na nje ya katoni lazima pawe na lebo ya daraja hilo pamoja na uzito halisi wa barafu kwa kilo. Ndani weka kijikaratasi cha mteja: usiiguse, usiile, iache iishe yenyewe mahali penye hewa, mbali na watoto.

Hatua ya 7: Siku na mteja

Tuma mwanzoni mwa wiki ya kazi, kamwe si mkesha wa sikukuu. Mzigo ukabidhi jioni, karibu na muda gari linapoondoka, ili usikae mapokezi mchana kutwa. Mteja athibitishe kwamba atakuwepo kupokea. Asipothibitisha, mzigo hautoki. Wapo wanaokasirika, lakini ni afadhali lawama hiyo kuliko boksi kukaa mlangoni juani.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kuuza

Fanya hili kabla ya oda ya kwanza, kwa boksi lilelile, barafu ileile, uzito uleule. Kifaa kidogo cha kurekodi joto ndicho bora. Kama huna, chukua kikopo cha plastiki inayoonyesha, kijaze aiskrimu yako, igande mpaka kiini, kisha laza nati ya chuma juu yake. Kiweke kwenye kona ya chini iliyo mbali zaidi na barafu, kwa kuwa huko ndiko joto hufika kwanza. Funga boksi, liache chumba chenye joto kwa muda wote wa safari pamoja na nusu siku ya ziada.

Ukifungua, tazama nati kabla ya kuonja. Ikiwa juu kama ulivyoiacha, uko salama. Ikiwa imezama nusu, aiskrimu ililainika njiani hata kama sasa ni ngumu, na hiyo ni dalili ya kuongeza barafu au unene wa ukuta. Ikiwa iko chini kabisa, rudi kwenye hesabu ya hatua ya 4. Pima na barafu iliyobaki kwenye mizani. Ulianza na kilo 10 zikabaki 3, basi unajua boksi lako linakula ngapi kwa saa, na namba hiyo ni ya kuaminika kuliko ya kikokotoo.

Rudia jaribio msimu wa joto unapoanza, na kila unapobadilisha boksi au msafirishaji.