Mkono wako usiume: namna ya kusifu na kufurahi kwa Kiajemi

Anayeanza Kiajemi hukariri vivumishi: ghashang (zuri), khub (jema), âli (bora kabisa). Kisha kila akifurahi anavimwaga. Ataeleweka, ila atasikika kama mtu anayekagua mzigo wa dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Mwajemi akisifu kwa dhati, mara nyingi anaomba dua: mkono uliopika usiume, pumzi ya rafiki iwe na joto, jicho lisimpate mtoto. Na dua hizo zina majibu yake, kama shikamoo ilivyo na marahaba. Basi yashike maneno haya mawili mawili, la kusema na la kujibu. Ukibeba nusu tu utakwama katikati ya mazungumzo.

Tuanze na sauti, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Hapa â yenye kofia ni a nzito ya nyuma ya kinywa, midomo ikiviringika kidogo, karibu ifanane na o. A isiyo na kofia ni nyepesi, ya mbele. Kh ni ile ya waliosoma madrasa wakisema "kheri" kutoka kooni; gh ni ya "ghali" kwa yule asiyesema "gali". H ya mwisho wa bah (mlio wa kufurahia, tutaukuta mezani) haimezwi, lazima pumzi isikike.

Halafu mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Majina na vivumishi vya Kiajemi hukazwa mwisho kabisa: ghaSHANG, âfaRIN. Kitenzi kikikanushwa, mkazo unarukia kiambishi cha mbele: NAkone, NAdâre. Kwa watu wa ziwani kuna mtego mmoja mtamu. MâHI, mkazo mwisho, ni samaki. MÂhi, mkazo mwanzo, ni "wewe ni mwezi", na mwezi (mâh) ni sifa kubwa kwa mtu mzuri au mwenye moyo mwema. Kwa mkazo wetu wa kuzaliwa, ukitaka kumwambia mgeni "samaki" unamwambia ni mwezi. Hatachukia, lakini sahani haitafika.

Jambo jingine la awali: Kiajemi cha mdomoni si kile cha vitabuni. Jân (roho, mpenzi) hutamkwa jun, na -etân ya heshima, kiambishi cha "-ako", huwa -etun. Rafiki au mtoto anaambiwa kwa -et. Mkubwa, mgeni au usiyemzoea kwa -etun, yaani anasemeshwa kwa wingi hata akiwa peke yake. Ukiwa na shaka, tumia -etun. Kuzidisha heshima kutamchekesha mtu kidogo. Kuipunguza kutamfanya anyamaze.

Kwa vitu na mandhari kuna kanuni moja inayokufikisha mbali: che + jina + -e (au -ye baada ya irabu) + kivumishi + -i. Che ina maana ya "lo, jinsi gani". Simama na mgeni wako Capri Point jioni, jua likizama upande wa ghuba: che ghorub-e ghashangi! (machweo mazuri namna gani!). Mwonyeshe Jiwe la Bismarck lililokaa majini kama limewekwa kwa mkono: che sang-e ajibi! (jiwe la ajabu!). Upepo ukianza: che bâd-e khonaki! (upepo mwanana!). Ile -i ya mwisho haikazwi, kwa hiyo unasema ghaSHANgi, na hapa mkazo wa Kiswahili unakusaidia bila jasho. Kosa la kawaida ni kuisahau -i hiyo. Bila jina mbele yake haihitajiki: che ghashang! che khub! Hiyo che khub ndiyo salama kuliko zote, inafaa kwa habari njema, kwa mipango, hata kwa simu. Ziwa lenyewe ni daryâche, yaani "kibahari". Ukimwambia mgeni che daryâche-ye bozorgi! (ziwa kubwa namna gani!) huku hamwoni ng'ambo, ataona mwenyewe kwamba hicho "ki-" hakistahili kilomita za mraba 68,000 na ushei.

Mezani ndipo lugha hii inapochanua. Chukua sahani moja ya sato wa kukaanga na ugali, uifuate hatua kwa hatua. Harufu inapofika, kabla hujagusa kitu: bah bah! Ni mapigo mawili mafupi, uso ukiwa umefunguka. Ukichelewa hadi umeshiba, bah bah inakuwa imepitwa. Baada ya tonge la kwanza: kheyli khoshmazzast (ni tamu sana). Ukimaliza, au mpishi anapoondoa vyombo: dastetun dard NAkone, "mkono wako usiume". Hili ndilo neno kubwa kuliko yote katika somo hili. Ni shukrani na sifa kwa pamoja, na huambiwa yeyote aliyekufanyia kitu kwa mkono wake: aliyepika, aliyekumiminia chai, aliyekupa zawadi, aliyekushikia mzigo kwenye feri ya Kamanga. Jibu lake kwa rafiki ni saret dard nakone, "kichwa chako kisiume". Mpishi huweza pia kujibu nush-e jân, yaani chakula kikupe uhai. Angalia mwelekeo: nush-e jân hutoka kwa aliyeandaa kwenda kwa mlaji. Mgeni akimwambia mpishi hivyo, amegeuza mambo.

Hapo hapo mezani kuna shimo. Khosh-mazze ni tamu. Bâ-mazze, ingawa nayo imejengwa na mazze (ladha), zaidi huwa ni "mcheshi, wa kuchekesha". Ukiukazia macho mchuzi wa mama mwenye nyumba na kusema una bâmazze, watoto wataangua kicheko kabla yake. Bi-mazze ni kibaya zaidi: chakula hakina ladha, au mzaha wako haukuchekesha.

Kwa kazi, tuna bahati. Kiajemi kina khaste NAbâshid, "usiwe umechoka", na kazi yake ni ileile ya "pole na kazi". Mwambie fundi, dereva, mwalimu akitoka darasani, muuza duka jioni. Jibu ni salâmat bâshid, uwe salama. Wengi waliojifunza kwa njia ya lugha nyingine za kigeni wanaliona neno hili la ajabu na kulikwepa. Mtu wa Mwanza halikwepi, analisema tangu utoto kwa maneno mengine.

Pongezi zina ngazi, na hapa adabu huvunjika kimya kimya. ÂfaRIN na bârikallâ ni "hongera, umefanya vyema", lakini humshukia aliye chini yako: mtoto aliyesoma vizuri, mwanafunzi, mdogo wako. Ukimwambia mzee wa miaka 60 âfarin baada ya kukueleza historia ya mji wake, umempapasa kichwa. Kwake sema kheyli âli bud (ilikuwa bora sana), au rudi kwa dastetun dard nakone. Kati ya marafiki wa rika moja, hasa vijana, neno ni damet garm, "pumzi yako iwe na joto": amekulipia nauli, amefunga goli, amekutumia vocha. Jibu fupi ni ghorbunet, "niwe kafara yako", au châkerim, "sisi watumishi wako". Yote haya ni ya mtaani. Kumwambia damet garm mkwe au afisa ni kama kumsalimia "mambo vipi". Eyval! (safi sana!) nayo ni ya kundi hilohilo.

Sasa kitu kinachowasumbua wageni wote. Sifia kitu cha Mwajemi, saa yake, skafu yake, zulia lake, naye atasema ghâbel NAdâre: "hakistahili thamani yoyote", yaani kichukue. Usikichukue. Ni adabu inayoitwa târof, na kazi yako ni kuirudisha: sâhebesh ghâbele, "mwenyewe ndiye mwenye thamani". Mpira umerudi, wote mmeheshimika, saa imebaki mkononi mwake. Muuza duka na dereva wa teksi nao husema ghâbel nadâre ukiuliza bei. Unashukuru na kulipa kama kawaida. Kuondoka bila kulipa ni aibu kwako, tena hajakupa kitu. Ukitaka kuijaribu upande wako: mgeni akisifia kitenge chako kwa che pârche-ye ghashangi! (kitambaa kizuri namna gani!), jibu ghâbel nadâre. Naye akiwa Mwajemi kweli, hatanyoosha mkono.

Kitu kipya, yaani nguo, simu, nyumba, pikipiki, kina dua yake: mobârak bâshe, kiwe cha baraka. Jibu: salâmat bâshid.

Kwa watoto, sifa bila kinga huleta wasiwasi, kama ilivyo kwa wengi wetu. Anza na mâshâllâ, ndipo useme che nâze! (mzuri wa kupendeza huyu!). Bibi zao huongeza cheshm NAkhore, "asipatwe na jicho", na nyumba nyingine huchoma esfand, mbegu ndogo zinazolia kwenye makaa na kutoa moshi mzito. Utasikia pia mush bokhoradet, "panya akule", na jigareto bokhoram, "nile ini lako". Anayejua maana ya "nyonda mkalia ini" hatashtuka. Haya ni ya ndani ya familia na wapenzi. Mwanamume asimwambie binti wa watu. Kwa mtu mzima usiyemzoea, khoshtip (amependeza kwa mavazi) ni salama, ilhali khoshgel husifu sura na huweza kueleweka kama kuchombeza.

Ukisifiwa wewe, mersi peke yake, neno walilolikopa Ufaransa, ni kavu. Sema lotf dârid, "una hisani". Uzuri ukisifiwa, jibu tamu ni cheshmâtun ghashang mibine: "macho yako ndiyo yanayoona vizuri". Sifa imerudi kwa mwenyewe.

Furaha yako mwenyewe, isiyomlenga mtu, ni nyepesi. Âkh jun! ni ya ghafla: umeambiwa kesho mapumziko. Kheyli khoshhâl shodam, "nimefurahi sana", inafaa popote. Keyf kardam, "nimestarehe", ni baada ya raha kupita: muziki, safari ya kisiwa cha Saanane, kuogelea. Jihadhari na che ajab! Sikio la Kiswahili linasikia "ajabu" na kuitumia kusifia. Kwa Waajemi huambiwa mtu asiyeonekana aliyejitokeza leo: "maajabu, leo umekumbuka kwetu!" Ukimkaribisha hivyo mgeni aliyefika kwa saa, atajiuliza amekosa nini.

Na ukimtumia rafiki aliye Tehran au Shiraz picha ya machweo yale ya Capri Point, usiandike tu ghashang. Andika jât khâli, "nafasi yako ilikuwa tupu", au jâtun khâli kwa heshima. Atakujibu dustân be jâ-ye mâ, "marafiki walikuwepo mahali petu".