Namna ya Kumjenga Mhusika wa Filamu: Baiskeli, Shuka na Bangili

Vijana wanaoniletea miswada ya filamu fupi hapa Mombasa aghalabu huanza kwa kunieleza jinsi mhusika wao alivyo: mpole, mwenye msimamo, aliyelelewa na nyanya yake Majengo baada ya wazazi kuachana. Huwasikiliza mpaka mwisho, kisha nikawauliza mhusika huyo anataka nini leo hii, kabla ya adhana ya magharibi. Mara nyingi jibu halipo, na lisipokuwepo hakuna filamu, hata kama wasifu wake umejaza kurasa tatu.

Anza, basi, na kitu kinachoshikika. Filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948, Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, ambayo ilipewa tuzo maalumu ya Oscar, inamhusu Antonio, mtu asiye na ajira mjini Roma baada ya vita. Amepata kazi ya kubandika mabango, lakini kazi hiyo haipewi asiye na baiskeli, na yake imewekwa rehani. Mkewe hatoi maneno ya kishujaa. Anavua shuka kitandani na kuzipeleka rehani ili baiskeli ikombolewe. Kisha tunaonyeshwa mfanyakazi wa pale dukani akiubeba mzigo wa zile shuka na kupanda nao rafu ndefu zilizosheheni mizigo mingine ya namna hiyo hadi juu. Hakuna aliyetamka neno "umaskini", lakini tumeshajua kwamba nyumba hii si ya pekee, kwamba mke ni mwepesi wa kuamua kuliko mume, na kwamba baiskeli ikipotea, nyumbani hakujabaki cha maana cha kuweka rehani. Inapoibwa siku ya kwanza ya kazi, mtazamaji hahitaji kusaidiwa na muziki ili ahuzunike.

Itazame mara mbili, na mara ya pili zima sauti kabisa. Andika kwenye daftari kila mara mtu anaposhika, anapotoa au anapoficha kitu. (Wanaolalamika kwamba hawana fedha za kuwalipa waigizaji mashuhuri wajue kuwa Lamberto Maggiorani, aliyeigiza kama Antonio, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani.)

Ukishakijua kitu anachokitaka mhusika, tafuta kinachomzuia, na kizuizi chenye nguvu zaidi ni kile anachotembea nacho mwenyewe. Katika mji wetu kizuizi hicho kipo tele, nacho ni sitara, yaani kuyaficha ya aibu yasionekane na watu. Niliwahi kuandika muswada kuhusu mwanamke wa Kuze, mtaa wa hapa Mombasa, anayepika mahamri alfajiri, ambaye nilimpa jina la Mwanasha. Amemwazima mpwa wake bangili ya dhahabu kwa ajili ya harusi. Siku tatu baadaye binti yake, aliye kidato cha kwanza, anarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Bangili ile ndiyo akiba yake yote, na sonara amekubali kuinunua iwapo italetwa kabla ya Jumamosi. Mwanasha anakwenda kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa. Bibi harusi amekaa jukwaani, mikono imejaa hina na piko, na bangili inang'aa chini ya taa. Mgeni mmoja anauliza imetoka wapi, na mama wa bibi harusi, dada yake Mwanasha wa toka nitoke, anajibu kwa sauti ya kusikika: "Tumemnunulia wenyewe."

Katika rasimu ya kwanza niliharibu. Nilimwandikia Mwanasha maneno ya nusu ukurasa, akimkumbusha dada yake mali ni ya nani, machozi yakimtoka. Nilipowasomea wenzangu, bibi mmoja aliyekuwapo alicheka akaniuliza ni Mswahili gani huyo anayedai mali yake kwenye kupamba. Nikafuta yote. Katika rasimu ya pili Mwanasha anapanda jukwaani kumtengeneza bibi harusi nguo, kidole chake kinaigusa bangili, anaizungusha kidogo hadi kifungo chake kikakaa kwa chini, kisha anasema, "Imekukaa vizuri, mwanangu." Maneno matatu na mkono mmoja. Anayejua habari ya karo atasikia yale ambayo hayakusemwa, na kazi yako wewe mwandishi ni kuhakikisha kuwa habari hiyo imemfikia mapema.

Hapo ndipo mazungumzo yanapopimwa. Sisi tuna mafumbo, na tuna leso, ambayo jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, linaweza kumwambia mke mwenza yale ambayo mdomo umeyazuia. Tahadhari tu usiitumie leso kama ubao wa matangazo: kamera ikikazana kuyasoma maandishi hayo mara tatu katika filamu moja, fumbo limekwisha kuwa tafsiri.

Suala la wema na ubaya nitalipitia kwa mfano mmoja. Katika Moonlight ya Barry Jenkins, iliyotunukiwa Oscar ya filamu bora mwaka 2017, Juan ni muuza dawa za kulevya anayemhifadhi mtoto asiyesema sana, akamfundisha kuogelea baharini. Baadaye, mezani, mtoto anamuuliza kama anauza dawa, kisha kama mama yake anazitumia. Juan anakiri, na mtoto anaondoka bila ya neno. Mahershala Ali, aliyeigiza kama Juan, anaonekana katika sehemu ya kwanza tu kati ya tatu, na bado alishinda tuzo ya mwigizaji msaidizi, kwa sababu mkono uliomwelesha mtoto majini ndio huohuo uliomdhuru mama yake. Mpe mhusika wako tendo jema na tendo baya yanayomfikia mtu mmoja, nawe hutahitaji kumweleza.

Kuhusu mwanzo, sina mengi. Mwas wa Nairobi Half Life, filamu iliyompatia Joseph Wairimu tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka 2012, tunakutana naye kijijini akiuza DVD za filamu kwa kuziigiza mbele ya wateja. Hajatamka kwamba anataka kuwa mwigizaji, na tayari tumemwona akiwa hivyo.

Mwisho, chagua ni nani atakayeshuhudia. Antonio, akiwa amekata tamaa, anajaribu kuiba baiskeli ya mtu na kukamatwa, lakini kinachouma ni kwamba Bruno, mwanawe mdogo, anayaona yote, kisha anampa baba yake mkono. Wizi huohuo pasipo Bruno ungebaki habari ya polisi tu. Muswada wangu ulikosa jicho la namna hiyo. Nikamweka binti wa Mwanasha sakafuni karibu na jukwaa, sahani ya biriani magotini, akimtazama mama yake anavyoizungusha bangili na kutabasamu. Na mara tu alipokaa pale, kurasa mbili za mazungumzo ya njiani kurudi Kuze hazikuwa na kazi tena, nikazitoa.