Mwache Stelingi: Namna ya Kumfuata Yaphet Kotto Filamu kwa Filamu

Kibanda changu cha filamu kiko Arua, Uganda, nyuma ya soko. Kina mabenchi 12, turubai la buluu juu, na spika 2 ambazo moja hukohoa mvua ikinyesha. Natafsiri filamu kwa mdomo, maikrofoni mkononi, picha ikiwa inatembea. Wenzangu wa Kampala hutafsiri kwa Kiluganda. Huku kwetu wateja ni Walugbara, Wakakwa, Waaluri, Wanubi, askari wa kila kabila na wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo, na lugha inayowakalisha wote benchi moja ni Kiswahili. Nimeifanya kazi hii miaka 14, na nataka nikuonyeshe njia yangu ya kutazama filamu: chagua mwigizaji mmoja wa pembeni, umfuate tangu ujana wake hadi uzee.

Kila mtoto wa kibanda anajua kwamba stelingi, yaani shujaa mkuu wa filamu, hafi. Kwa sababu hiyo hatumchunguzi sana, tunamsubiri tu afike mwisho. Wa pembeni hana dhamana hiyo. Amepewa dakika 10 au 15, na ndani ya hizo lazima umjue ametoka wapi, anamwogopa nani na anataka nini, kabla risasi haijampata. Huo ndio uigizaji mgumu.

Wangu mimi ni Yaphet Kotto. Alizaliwa New York mwaka 1939, baba yake mtu wa Kamerun, na akalelewa katika dini ya Kiyahudi. Alianzia jukwaani, na kwenye filamu tunaweza kumfuata kuanzia 1964 hadi 2008. Ni zaidi ya miaka 40 ya kazi, na karibu yote ameifanya akiwa amesimama pembeni ya mtu mwingine.

Usianze mwanzo

Watu wengi hukosea hapa. Wanatafuta filamu ya kwanza kabisa, ya rangi nyeusi na nyeupe, wanasinzia, wanaacha. Anza na ile ambayo tayari umeiona mara nyingi bila kumtazama yeye. Kwangu ilikuwa *The Running Man*, ya Schwarzenegger. Nilikuwa naitafsiri labda kwa mara ya tano, nikifika kwa Laughlin, yule mfungwa mweusi anayetoroka pamoja na Schwarzenegger, na midomo yangu ikawa inatangulia. Nikajisikia nikisema moyoni: sauti hii ninaijua, nimeshawahi kuitafsiri mahali pengine. Usiku ule, baada ya kufunga, nilikaa na kompyuta nikapekua flashi zangu zote mpaka nikampata tena ndani ya *Alien*, akiwa fundi wa chombo cha angani. Kesho yake nikanunua daftari.

Angalia mwaka kabla ya kulipa kwa wauza filamu. *The Running Man* unayoitaka ni ya 1987, maana kuna nyingine ya 2025. *The Thomas Crown Affair* yenye Kotto ni ya 1968, si ya 1999. Na zile za Entebbe ziko kadhaa, nitazifikia. Mwuzaji atakuambia "ndiyo hiyohiyo, mzee." Si hiyohiyo.

Mara ya kwanza zima sauti

Najua ni ajabu kwa mtu anayekula kwa sauti yake kusema hivi. Lakini zima sauti, na mtazame yeye tu, hasa wakati wengine wanaongea. Mwigizaji hafifu, zamu yake ya kusema ikipita, macho yanazima kama taa. Kotto hazimi. Tazama mezani katika *Alien*, wafanyakazi 7 wameamka usingizini, wanakula na kuvuta sigara. Wakubwa wanazungumza mambo ya safari. Yeye, Parker, yuko na mwenzake Brett, na kitu kimoja tu kiko kichwani mwake: wao wa injini wanalipwa kidogo kuliko wa juu, na lazima lizungumzwe kabla ya kufika nyumbani. Hata kabla hajafungua mdomo, unaona limemkaa kifuani.

Hapo nikataka Kiswahili chenye uzito uleule. Mara ya kwanza nilisema "bonasi." Benchi likanyamaza, neno la ofisini. Mara ya pili nikasema "posho," nikidhani ndilo lenyewe, na kumbe kwa masikio ya Uganda posho ni unga wa mahindi uliosongwa. Watu wakaona mtu yuko mezani, ana sahani mbele yake, analalamikia posho, wakaelewa kwamba chombo kimeishiwa chakula! Mara ya tatu nikasema "mgawo wetu." Kijana mmoja anayepakia magunia ya mihogo pale stendi akapiga goti kwa kiganja: "Mwambie!" Tangu hapo, Parker akizungumza, wapakiaji wote wananyamaza. Wamemtambua. Na anapokufa akijaribu kumwokoa mwenzake, si kifo cha mtu wa pembeni tena.

Kwa hiyo katika daftari lako, kila filamu, andika maneno matatu tu: anataka nini, anamtazama nani, mikono yake inafanya nini. Jina la mwongozaji na mengine utayapata popote. Hayo matatu hayapatikani ila kwa jicho lako.

Kisha rudi nyuma, 1964

Sasa uko tayari kwa *Nothing But a Man*. Ni hadithi ya mfanyakazi wa reli huko kusini mwa Marekani, anayeigizwa na Ivan Dixon, na mwalimu anayempenda, Abbey Lincoln. Kotto ni Jocko, mmoja wa genge la reli, kijana wa miaka ishirini na kitu. Yupo kidogo tu. Lakini ukishamwona Parker, utamwona Jocko kama babu yake wa kazi: mtu anayetumia mwili wake kuishi, na anayejua bei yake.

Katika filamu hiyohiyo, baba wa Dixon ni Julius Harris. Liandike jina hilo na ulizungushie duara, kwa sababu litarudi.

Kutoka hapo nenda haraka. *Across 110th Street* ya 1972, Kotto ni askari mpelelezi, na kwa mara moja yeye ndiye mwenye msimamo. *Live and Let Die* ya 1973 ni Bond wa kwanza wa Roger Moore, na Kotto ndiye adui mkuu, Kananga. Wakongo wangu walishangilia kusikia jina la mji wao wa Kasai. Ikabidi nisimamishe picha niwaeleze kwamba limetokana na Ross Kananga, mwenye shamba la mamba Jamaika walikopigia sehemu ya filamu. Ukitaka ukweli wangu, sioni kama filamu hii ilimtendea haki: inamfanya avimbe kwa hewa na kupasuka kama puto, mtu mwenye uso ule. Itazame, lakini usiihukumu kazi yake kwa hiyo. Na pembeni yake, mwenye mkono wa chuma, ni nani? Julius Harris.

Entebbe, na namna ya kuionyesha kwetu

Huu ndio mlima wa safari yote kwa Mganda, na huku kwetu, mkoa wa West Nile, ni mlima mara mbili, kwa sababu Amin ana ndugu, majirani na askari wake wa zamani humu humu.

Ndege ya Air France namba 139 ilitekwa tarehe 27 Juni 1976 ikaletwa Entebbe, na makomando wa Israeli wakaja kuwaokoa mateka usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. Televisheni za Marekani zikashindana. Ya kwanza, *Victory at Entebbe*, ilionyeshwa Desemba 1976. Mwigizaji aliyepewa nafasi ya Amin, Godfrey Cambridge, alishikwa na moyo akafa wakati wa upigaji picha, na nafasi yake akapewa Julius Harris. Ya pili, *Raid on Entebbe*, ilionyeshwa tarehe 9 Januari 1977, na Amin wake ni Kotto. Fungua daftari uone: watu wawili waliokutana kwenye filamu ya reli ya 1964, wakawa upande mmoja dhidi ya Bond, sasa katika muda usiofika mwezi wote wawili ni Idi Amin. Mfuata stelingi hawezi kuliona jambo hilo hata akitazama miaka 20.

Kumbuka pia kwamba mwenyewe Amin alikuwa bado Ikulu. Kotto aliigiza rais aliye hai na mwenye hasira, miezi 6 tu baada ya tukio. Na yeye ni mtu wa dini ya Kiyahudi, anavaa magwanda na kuingia kwenye jengo la zamani la uwanja kuwasalimia mateka ambao wengi ni wa dini yake. Alipendekezwa kwa tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo.

Ukitaka kuionyesha kwenu, fanya hivi. Chagua jioni ya siku isiyo na mpira. Wazee wakae mbele, bure. Kabla ya kuwasha, sema tarehe na matukio kwa sauti ya kawaida, na useme wazi kwamba filamu imetengenezwa mbali, na watu wasiotujua. Usiweke mzaha wa vijei, yaani sisi watafsiri wa filamu. Mimi kwa kawaida hutania sana, lakini jioni ile nilijizuia mpaka koo likaniuma.

Na fikiria lugha. Kotto anamwigiza Amin kwa Kiingereza. Lakini jeshi la Amin lilisema Kiswahili, na ni yeye aliyekitangaza lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973. Kwa hiyo nilipomtafsiri, nilikuwa kama namrudishia mtu kanzu yake. Nikatumia Kiswahili cha kambini, kifupi, cha amri, chenye "wewe kuja hapa." Nilipoanza tu, mzee mmoja wa Koboko aliyewahi kuvaa magwanda enzi zile alivua kofia akaiweka magotini.

Mwisho wa filamu nilimfuata na chai. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Umeonaje?"

"Marahaba, mwanangu. Uso si wake. Lakini vile anavyocheka na macho hayacheki, hapo miguu yangu ilitaka kusimama yenyewe."

Niliyaandika daftarini maneno yale vilevile. Baadaye tulimtazama pia Amin wa Forest Whitaker, katika *The Last King of Scotland* ya 2006, aliyepata Oscar na aliyekuja kuigizia hapa Uganda, na wengi wakamsifu. Mzee akasema huyu ni mzuri zaidi kwa kusema, yule wa kwanza kwa kunyamaza. Nakubaliana naye.

Yaliyobaki

*Blue Collar* ya 1978 usiiache, hata kama huna nafasi ya nyingine yoyote. Wafanyakazi 3 wa kiwanda cha magari Detroit: Richard Pryor, Harvey Keitel na Kotto. Kuna sehemu Kotto amefungiwa kwenye chumba cha kupulizia rangi. Itazame mchana, watoto wakiwa shule. Mimi huiacha bila tafsiri, naweka maikrofoni chini, kwa sababu hakuna neno la kuongeza.

*Midnight Run* ya 1988 ni ya kupumzikia. Yeye ni Alonzo Mosely wa FBI, De Niro amemwibia kitambulisho, na kila anapofika anakuta jina lake limeshatumika. Watu hucheka mpaka benchi linayumba, na yeye hacheki hata mara moja. Jaribu kulitafsiri hilo bila kucheka mwenyewe.

Kisha kuna tamthilia ya polisi wa Baltimore, *Homicide: Life on the Street*, kuanzia 1993 hadi 1999, akiwa Luteni Giardello. Vipindi ni zaidi ya 100, usijilazimishe vyote. Chukua vitano vya mwanzo na vitano vya mwisho, uone miaka ilivyomkalia shingoni na mabegani.

Alifariki Machi 2021 nchini Ufilipino, akiwa na miaka 81. Wiki ile niliweka *Alien* bila kutangaza sababu. Wapakiaji walijaa. Ilipofika pale mezani, kabla sijasogeza maikrofoni mdomoni, benchi la nyuma lilikuwa limeshasema: "Mgawo wetu!"