Tairi la akiba kwenye mlango wa nyuma
Njia ya Kotido kwenda Kaabong, kaskazini mashariki mwa Uganda, ina mawe makali, kwa hiyo naomba sana tairi la akiba liwe la saizi ileile ya yale manne.

Kabla ya kufunga kishikio cha kubebea tairi hilo kwenye mlango wa nyuma wa gari, anza na bawaba. Fungua mlango nusu, ushike ukingoni, uunyanyue. Ukicheza, badilisha bawaba kwanza, maana tairi kubwa na rimu yake huweza kupita kilo 30, na zinaning'inia hapo kwenye kila shimo.

Kishikio kisifungwe kwenye bati la mlango peke yake; litapasuka. Vua kava la ndani la mlango, weka bamba nene la chuma, bolti zipenye hadi huko. Paka rangi kingo za matundu, zisishike kutu.

Tairi mnyanyue wawili. Valvu ikae mnapoifikia kwa pampu. Kaza nati kwa kupishana, kisha rekebisha mipira ya kuegemea mpaka iguse tairi barabara. Mimi hapa sina haraka: tairi likitikisika kidogo tu, mlango unakwisha.

Taa ya breki na namba zionekane. Ukimaliza kipande cha kwanza cha maramu (barabara ya changarawe), simama ukaze nati tena.