Kusoma Mwelekeo wa Sifa za Elementi kwenye Jedwali bila Kukariri

Wanafunzi wengi wa kemia hufika darasani kwangu wakiwa wamekariri kwamba atomu hupungua ukubwa tunapokwenda kulia na huongezeka tunaposhuka. Kauli hiyo ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini humwacha mtu mikono mitupu anapokutana na elementi isiyoifuata, na mitihani huzipenda sana elementi za namna hiyo. Njia ifuatayo inahitaji penseli, karatasi na jedwali la elementi lenye namba za atomu.

Hatua ya 1: Andika periodi ya tatu

Periodi ni safu ya kulala ya jedwali. Andika kwa mstari mmoja sodiamu, magnesiamu, aluminiamu, silikoni, fosforasi, salfa, klorini na agoni, kisha chini yake weka namba za atomu, 11 hadi 18. Namba hiyo ni idadi ya protoni. Mwanakemia Mrusi Mendeleev, alipotoa jedwali lake mwaka 1869, alifuata uzito wa atomu, ila aliitanguliza teluri mbele ya ayodini iliyo nyepesi zaidi, kwa kuwa tabia zake za kikemia zilidai hivyo. Vipimo vya eksirei alivyoanza kuvichapisha mwanafizikia Mwingereza Moseley mwaka 1913 vilionyesha kwamba mpangilio huo ulikuwa sahihi: teluri ni ya 52, ayodini ya 53.

Hatua ya 2: Kadiria mvuto wa kiini

Sodiamu ina elektroni 2, 8 na 1 katika maganda yake matatu, kuanzia la ndani. Zile 10 za ndani huikinga ya nje dhidi ya mvuto wa kiini, kwa hiyo toa 10 kwenye protoni 11, ubakiwe na 1. Magnesiamu hubakiwa na 2, na klorini na 7. Haya ni makadirio tu, kwa sababu kinga hiyo si kamili.

Hatua ya 3: Linganisha ukubwa

Ganda la nje ni lile lile la tatu, ilhali mvuto unaongezeka, hivyo elektroni zinavutwa ndani. Nusu kipenyo cha sodiamu ni takriban pikomita 186, cha magnesiamu 160, na cha klorini 99.

Hatua ya 4: Chora grafu ya nishati ya kung'oa elektroni ya kwanza

Tumia thamani hizi, kwa kilojuli kwa moli: 496, 738, 578, 786, 1012, 1000, 1251 na 1521. Ichore kwa mkono, usiitazame kitabuni tu, kwa maana ni mkono unaposhuka ghafla ndipo akili huuliza sababu. Mshuko wa kwanza uko kwenye aluminiamu: elektroni yake ya nje iko katika 3p, sehemu ya ganda la tatu ambayo nishati yake iko juu ya ile ya 3s, kwa hiyo hung'oka kwa urahisi zaidi. Wa pili uko kwenye salfa. Fosforasi ina elektroni moja moja katika obitali tatu za 3p (obitali ni nafasi inayoweza kubeba elektroni mbili). Ya nne ya salfa hulazimika kuingia penye nyingine, na kwa kuwa zote zina chaji hasi, zinasukumana.

Hatua ya 5: Shuka kundi la kwanza

Kundi ni safu wima ya jedwali. Lithiamu, sodiamu na potasiamu zote hubakiwa na mvuto wa 1, lakini kila moja inaongeza ganda. Nishati inashuka: 520, 496, 419. Ndiyo maana potasiamu huwaka inapogusa maji, wakati lithiamu hutoa mapovu kwa utulivu.

Hatua ya 6: Jaribu kanuni pale inapogoma

Galiamu iko chini ya aluminiamu, lakini nusu kipenyo chake ni pikomita 135 dhidi ya 143, na nishati zake ni 579 dhidi ya 578. Rudi hatua ya 2. Kabla ya kufika galiamu tumepita elementi kumi zinazojaza 3d, sehemu nyingine ya ganda la tatu, na elektroni za 3d hukinga vibaya, kwa hiyo protoni zilizoongezeka huivuta elektroni ya nje zaidi kuliko tulivyokadiria.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa kaboni, silikoni na jemaniamu, zenye nishati za 1086, 786 na 762. Hatua ya kwanza ya kushuka ni 300, ya pili ni 24 tu, na elektroni zilizosababisha tofauti hiyo ni zile zile kumi za 3d.