Indiketa ya kushoto haiwaki, kulia inawaka: jinsi ya kutengeneza swichi yake mwenyewe (gari za zamani)

Wakuu, kabla hujashika bisibisi washa hazadi (taa za dharura, indiketa zote kwa pamoja) kwanza. Hapa ndo wengi wanaruka halafu wananunua swichi nzima bure. Hazadi zikiwaka pande zote ila indiketa ya upande mmoja kimya, globu ni nzima, mtuhumiwa ni swichi. Ikiwaka lakini inapiga harakaharaka, mara nyingi globu ya upande huo imeungua, swichi iache. Pande zote kimya? Angalia fyuzi, halafu flasha (kile kidude kinachofanya indiketa iwake na kuzima).

1. Chomoa temino hasi ya betri. Gari ikiwa na eabegi subiri kama dakika 10, na nyaya za njano (ndizo za eabegi) usiziguse kabisa.

2. Fungua kava la chini ya usukani. Skrubu zinaingilia kwa chini, nyingine zinajificha mpaka uzungushe usukani. Likigoma usilazimishe, plastiki ya zamani inakatika kama biskuti.

3. Bonyeza kiulimi cha plagi ndo uchomoe, usivute nyaya. Toa skrubu za swichi.

4. Sasa hapa taratibu. Fungulia swichi ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha, maana mle kuna kigololi na springi ndogo na ukiachia tu vinaruka, mimi changu nilikitafuta jioni nzima chini ya siti kumbe kimeingia kwenye kiatu. Piga picha kila unachotoa.

5. Utakuta grisi imekauka kama nta na kontakti (vipande vya shaba vinavyogusana kupitisha umeme) zimekuwa nyeusi. Futa kwa spiriti, kisha pitisha msasa laini mara mbili tatu, shaba ing'ae tu usiile. Paka grisi mpya kiduchu.

6. Kabla ya kufunga weka mita ya umeme kwenye mlio, gusisha ncha zake kwenye pini za swichi, sukuma mkono wa indiketa juu na chini. Ilie kila upande, isikatike ukiutikisa.

MASWALI

– Mkuu yangu inawaka vizuri ila nikikata kona mkono haurudi wenyewe
Hiyo sio kontakti, ni kile kidole cha plastiki kinachokwanguliwa na usukani, kimelika au kimekatika. Gundi haidumu, tafuta swichi nyingine hata mtumba.

– Naweza kupulizia dawa ya kontakti bila kufungua?
Unaweza, ila grisi iliyoganda haitoki kwa kupulizia, inaweza ikarudi kulekule.

– Nimefunga sasa indiketa poa ila taa ya breki ya kushoto imekufa!!
Hiyo gari ya Kimarekani? Zamani nyingi zilitumia globu moja nyuma kwa breki na indiketa, na umeme wa breki unapitia humohumo kwenye swichi. Kuna kontakti moja haijakaa, fungua tena uangalie na zile picha zako. Usiitoe barabarani hivyo.